Namna ya Kusawazisha Mbio na Pasi katika Futiboli ya Vyuo Vikuu vya Marekani

Tarehe 11 Novemba 2023, timu ya Chuo Kikuu cha Michigan ilikuwa ugenini kwa Penn State, ikiwa na kwotabeki hodari, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, J.J. McCarthy. Hata hivyo, kwa mujibu wa takwimu rasmi, timu hiyo ilimaliza mechi kwa kukimbia na mpira mara 32 mfululizo, ikaondoka na ushindi wa 24 kwa 15. Miezi miwili baadaye iliishinda Washington 34 kwa 13 katika fainali ya taifa, baada ya kukimbia jumla ya yadi 303. Miaka minne kabla ya hapo LSU, timu ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, ilikuwa imetwaa ubingwa huohuo kwa njia iliyoonekana kuwa kinyume kabisa, kwani katika msimu wa 2019 Joe Burrow alirusha pasi za jumla ya yadi 5,671, na 60 kati ya pasi zake zilizaa tachidauni, yaani bao la kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wa mpinzani. Timu zote mbili zilishinda mechi zao zote 15.

Anayeamini kwamba usawa maana yake ni kugawa mashambulizi nusu kwa nusu atashindwa kuzieleza timu hizi mbili. Mwongozo huu, ulioandikwa kwa ajili ya kocha, mwanafunzi wa ukocha na mfuatiliaji anayetaka kuelewa kinachoendelea uwanjani, unashika msimamo mwingine: usawa hauonekani katika idadi ya mbio na pasi iliyoandikwa mwisho wa mechi, bali katika jibu la swali moja. Mlinzi akihama mahali pake ili kuziba jambo moja, je, unalo jambo la pili la kumfanya ajute kuhama, na unaweza kulifanya bila kubadili sura ya kikosi chako? LSU hiyo iliyosifiwa kwa pasi ilikuwa na Clyde Edwards-Helaire, aliyekimbia yadi 1,414 msimu huohuo, na sehemu kubwa ya njia alizopita zilifunguliwa na walinzi waliokuwa wamerudi nyuma kwa kumhofia Burrow.

Hatua ya kwanza: jifunze kuhesabu watu kabla ya kuchagua shambulizi

Kila timu ina wachezaji 11 uwanjani, na wanaoshambulia wana majaribio manne ya kusogea yadi 10. Kati ya hao 11, watano ni wazuiaji wa mstari wa mbele ambao kwa kawaida hawaruhusiwi kupokea pasi ya mbele. Eneo linaloanzia kwa wazuiaji hao na kurudi nyuma yadi chache upande wa ulinzi, kutoka ukingo mmoja wa mstari hadi mwingine, ndilo ambalo makocha huliita boksi, na hesabu yote ya mbio huanzia humo.

Mchezaji wa bao huhesabu kete kabla ya kunyanyua mkono, na kwotabeki naye anapaswa kuhesabu walinzi waliomo ndani ya boksi kabla mpira haujaanzishwa. Chukulia kikosi chenye mkimbiaji mmoja, taitiendi mmoja (mzuiaji wa ukingoni anayeruhusiwa pia kupokea pasi) na wapokeaji watatu waliotawanywa pembeni. Wazuiaji wako ni sita: watano wa mstari pamoja na taitiendi. Ukiona walinzi sita ndani ya boksi, kila mmoja ana mtu wa kumzuia, kwa hiyo kukimbia ni halali yako. Ukiona saba, kuna mmoja asiye na wa kumzuia, naye ndiye atakayemwangusha mkimbiaji wako. Ukiona wanane, ulinzi umekuambia waziwazi kwamba hautaki ukimbie, na umelipa gharama ya uamuzi huo mahali fulani nyuma au pembeni, ambako sasa wapokeaji wako wanakabiliana na walinzi mmoja kwa mmoja.

Njia ya haraka ya kusoma hesabu hiyo ni kuwatazama walinzi wa nyuma kabisa. Wakiwa wawili wamesimama mbali, mara nyingi boksi ni jepesi na mbio zina nafasi. Akibaki mmoja katikati, mwenzake amekwisha kushuka kusaidia kuzuia mbio, na pasi za pembeni zinakuwa na thamani zaidi. Walinzi wazuri hujificha hadi sekunde ya mwisho, kwa hiyo mfundishe kwotabeki kuhesabu mara mbili: kikosi kinapojipanga, na tena muda mfupi kabla ya mpira kuanzishwa.

Lipo tatizo moja la asili ambalo halikwepeki. Anayebeba mpira hamzuii mtu, na kwotabeki aliyekwisha kuukabidhi mpira naye hamzuii mtu; wanabaki watu tisa wa kukabiliana na walinzi 11. Hii ndiyo sababu kwotabeki anayeweza kukimbia amekuwa na thamani kubwa sana katika vyuo vikuu, kuliko ilivyokuwa kwa miaka mingi katika ligi ya kulipwa: akitishia kubeba mpira mwenyewe, hurudisha mtu mmoja kwenye hesabu.

Hatua ya pili: pima wachezaji ulio nao, si wale unaowatamani

Timu ya ligi ya kulipwa inaweza kununua mchezaji anayefaa mfumo wake. Kocha wa chuo hufanya kazi na vijana waliokubali kuja, wanaohitimu, na siku hizi wanaohama chuo kila mwaka kwa urahisi kuliko zamani. Kwa hiyo usawa wa mwaka huu haupaswi kuwa nakala ya usawa wa mwaka jana.

Anza na wazuiaji wa mstari, si kwotabeki. Wazuiaji wazito wenye nguvu lakini miguu mizito watakupa mbio za moja kwa moja na pasi fupi za haraka. Ukiwataka wamlinde kwotabeki kwa sekunde nne kila mara, unawaomba wasichonacho. Wazuiaji wepesi na wenye kasi watakupa mbio za kuelekea pembeni, pamoja na pasi zile za skrini ambazo wazuiaji hutangulia mbele ya mpokeaji. Vyuo vya kijeshi vya Army, Navy na Air Force, ambako wanafunzi wanapaswa kutimiza masharti ya kijeshi ya siha na uzito, vimeishi kwa muda mrefu ndani ya ukweli huu. Kwa kuwa haikuwa rahisi kupata wazuiaji wakubwa kama wa wapinzani wao, vilichagua opsheni ya njia tatu, ambayo baadhi ya walinzi hawazuiwi kabisa bali husomwa na kwotabeki, yaani yeye huwatazama na kuamua kulingana na wanakoelekea. Mwaka 2019 Malcolm Perry wa Navy alikimbia yadi 2,017 akiwa kwotabeki. Timu ya namna hiyo hurusha mara chache sana, lakini pasi hizo chache huja wakati mlinzi wa nyuma amekwisha kuchoka kusubiri na kuanza kukimbilia mbele.

Mike Leach, aliyeziongoza Texas Tech, Washington State na Mississippi State kabla ya kufariki Desemba 2022, alisimama upande wa pili wa mizani. Timu zake zilirusha mpira karibu muda wote, naye alishikilia kwamba usawa wa kweli ni kuhakikisha kila mchezaji mwenye haki ya kupokea mpira anaupata na anachangia yadi, ili ulinzi usiweze kumpuuza yeyote. Sikubaliani na kila alichofanya, kwani timu zake ziliwahi kupata taabu kumalizia mechi kwa kula saa, lakini fasili yake ya usawa ina uzito kuliko ile ya nusu kwa nusu. Chukua karatasi, orodhesha wachezaji wako watano wanaoweza kupokea mpira pamoja na kwotabeki, kisha uandike mbele ya kila jina namna mbili za kumfikishia mpira. Jina lisilo na hata namna moja ni la mtu ambaye ulinzi utamwacha bila ulinzi na kupata mtu wa ziada bure.

Mfano ninaoupenda wa kulinganisha mfumo na watu ni Oklahoma ya 2018 chini ya Lincoln Riley. Riley alilelewa katika mtazamo uleule wa Leach wa kurusha sana, lakini aliiambatanisha na mbio za nguvu ambazo wazuiaji wawili huvuka kutoka upande mmoja wa mstari kwenda kufungua njia upande mwingine. Kwotabeki wake, Kyler Murray, alirusha yadi 4,361 na kukimbia yadi 1,001 msimu huo, akapewa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo.

Hatua ya tatu: chagua mbio mama, kisha zizalie pasi

Hapa ndipo makocha wengi wachanga hupotea, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Kosa la kawaida ni kuwa na vitabu viwili: kitabu cha mbio chenye mipango yake, na kitabu cha pasi chenye mipango yake, kisha kocha akavichanganya siku ya mechi kama mtu anayechanganya karata. Takwimu za mwisho zinaweza kuonyesha mbio 35 na pasi 35, na bado ulinzi ukawa umejua kila mara kinachokuja, kwa sababu kikosi husimama kwa namna moja kinapotaka kukimbia na kwa namna nyingine kinapotaka kurusha. Huo ni usawa wa makaratasi.

Fanya hivi badala yake. Chagua mbio mbili, au tatu kwa wingi, ambazo kikosi chako kitazifanya vizuri dhidi ya ulinzi wowote. Kwa mfano, mbio za ndani ambazo wazuiaji wote watano hupiga hatua ya kwanza upande mmoja na kila mmoja humzuia mtu aliyeingia katika eneo lake. Fundisha mbio hizo tangu siku ya kwanza ya mazoezi ya majira ya kuchipua. Kisha kwa kila mbio mama, tengeneza watoto watatu wanaofanana nayo katika sekunde ya kwanza.

Mtoto wa kwanza ni pasi ya hadaa: wazuiaji hupiga hatua zilezile, kwotabeki hunyoosha mkono kana kwamba anaukabidhi mpira, kisha huuficha na kurusha nyuma ya malainibeka, walinzi wa safu ya pili ya ulinzi, waliokimbilia mbele. Mtoto wa pili ni mpira wa kuelekea upande wa pili, ambapo kwotabeki huzunguka akiwa na mpira mkononi wakati ulinzi wote unakimbilia mbio za upande wa kwanza. Mtoto wa tatu ni pasi fupi ya pembeni kwa mpokeaji ambaye mlinzi wake amesimama mbali. Kwa hesabu pasi hiyo ni pasi, lakini kwa kazi ni mbio za pembeni zilizofika haraka zaidi.

Zingatia neno «wanaofanana». Lainibeka hafundishwi kuhesabu mara ulizokimbia tangu mechi ianze. Hufundishwa kumtazama mzuiaji fulani na kuitikia hatua yake ya kwanza. Wachambuzi wa takwimu za ligi ya kulipwa waliwahi kuchunguza kama pasi ya hadaa hufaulu zaidi kwa timu zinazokimbia mara nyingi, na hawakuuona uhusiano huo. Nionavyo mimi, somo kwa kocha wa chuo ni kwamba hahitaji kupoteza robo nzima akigonga ukuta ili «kuiandaa» pasi. Anahitaji wazuiaji ambao hatua yao ya kwanza haisemi lolote. Tumia basi dakika nyingi za mazoezi kwenye hatua hiyo ya kwanza, na piga picha za video ukiwa upande wa ulinzi ili uone kile anachokiona lainibeka.

Mfano bora wa familia ya namna hii ulionekana tarehe 30 Novemba 2013, Auburn ilipokuwa nyuma ya Alabama 28 kwa 21 katika dakika ya mwisho. Auburn ya Gus Malzahn ilikuwa timu ya mbio, na katika mfululizo huo wa mashambulizi ilikuwa imempa mpira mkimbiaji Tre Mason mara kwa mara. Kisha kwotabeki Nick Marshall akauondoa mpira kutoka kifuani mwa Mason, akakimbilia pembeni kama alivyokuwa amefanya msimu mzima. Mlinzi wa pembeni akamwacha mpokeaji wake ili amzuie Marshall asivuke. Marshall, akiwa bado nyuma ya mstari, akamrushia Sammie Coates aliyebaki peke yake, na tachidauni ya yadi 39 ikasawazisha mechi zikiwa zimebaki sekunde 32. Watu wengi wanakumbuka tu kilichofuata, Chris Davis alipourudisha mpira wa teke la Alabama lililopungua hadi mwisho wa uwanja na kuipa Auburn ushindi wa 34 kwa 28. Kwa anayejifunza ukocha, shambulizi la kabla ya hapo lina faida zaidi: mlinzi hakukosea kwa uzembe, alilazimishwa kuchagua kati ya mambo mawili akiwa mtu mmoja.

Hatua ya nne: mwachie mlinzi akuchagulie

Baada ya familia za mbio na pasi, nenda mbali kidogo: tengeneza shambulizi moja lenye mbio na pasi ndani yake. Msingi wake ni wazo ambalo Rich Rodriguez alilikuza mwanzoni mwa miaka ya 1990 akiwa katika chuo kidogo cha Glenville State huko West Virginia. Mlinzi wa ukingoni huachwa bila kuzuiwa, na kwotabeki humtazama. Mlinzi huyo akimkimbilia mkimbiaji, kwotabeki anauvuta mpira na kukimbia mwenyewe. Akibaki mahali pake, mpira unakabidhiwa. Mlinzi mmoja ameondolewa kwenye hesabu bila kuguswa. Vince Young wa Texas alilitumia wazo hilo mwaka 2005, akawa mchezaji wa kwanza wa ngazi ya juu ya vyuo kurusha zaidi ya yadi 3,000 na kukimbia zaidi ya yadi 1,000 katika msimu mmoja.

Chaguo la kukimbia au kurusha, ambalo makocha hulifupisha kwa herufi RPO, ni mtoto wa wazo hilohilo. Anayesomwa sasa si mlinzi wa ukingoni bali mara nyingi ni lainibeka au mlinzi wa nyuma aliyepewa kazi mbili: kuziba njia ya mbio na pia kulinda pasi fupi iliyo nyuma yake. Kwotabeki akiona mguu wa mlinzi huyo umekuja mbele, anarusha mahali mlinzi alipotoka. Akiona amebaki, anakabidhi mpira. Kanuni za vyuo zinarahisisha jambo hili, kwa kuwa wazuiaji wanaruhusiwa kusogea hadi yadi tatu mbele ya mstari kabla ya pasi inayovuka mstari huo kurushwa, ilhali katika ligi ya kulipwa ni yadi moja tu. Wazuiaji wanaweza kuzuia kwa ajili ya mbio bila kujua kama mpira utarushwa, mradi tu kwotabeki asichelewe.

Ukifundisha RPO, fuata mpangilio huu: kwanza kwotabeki asimame na mlinzi mmoja tu wa kumsoma, bila mpira kurushwa, ataje kwa sauti «toa» au «rusha», kisha ongeza mpokeaji, kisha ongeza mstari mzima. Kocha akiruka hadi hatua ya mwisho siku ya kwanza atapata kwotabeki anayeamua kabla ya kuona.

Kumbuka pia kwamba siku utakayotumia mashambulizi ya namna hii kwa wingi, kulenga asilimia maalumu ya mbio na pasi hakutakuwa na maana, kwa sababu asilimia hiyo ataipanga mlinzi kwa miguu yake.

Hatua ya tano: gawa muda wa mazoezi kwa ukali

Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, huweka kikomo cha saa 20 za shughuli za michezo kwa wiki katika msimu, zisizozidi saa nne kwa siku, na siku moja ya mapumziko. Ndani ya saa hizo zimo mikutano na video. Mshika mawili moja humponyoka, na kikosi kinachotaka kuwa na opsheni ya njia tatu, mbio za nguvu na pasi za kila aina kitaponyokwa na vyote, kwa sababu kumzuia mtu kwa ajili ya mbio na kumlinda kwotabeki ni stadi mbili tofauti: moja humtaka mzuiaji ashambulie, nyingine humtaka arudi nyuma kwa subira.

Ushauri wangu ni kuwapa wazuiaji kipaumbele katika ratiba. Wakimbiaji na wapokeaji hujifunza mpango mpya kwa siku mbili. Wazuiaji watano wanaotakiwa kusogea kama mtu mmoja huhitaji wiki kadhaa. Unapoongeza mpango mpya wa mbio, ondoa mmoja wa zamani. Unapoongeza pasi, jiulize kama ulinzi wa kwotabeki unaoutumia tayari unaitosha.

Hatua ya sita: panga kwa kuzingatia jaribio na umbali

Tumia kipimo ambacho wachambuzi wengi wa futiboli ya vyuo wanakitumia: jaribio la kwanza limefaulu likipata nusu ya yadi zinazohitajika, la pili likipata asilimia 70 ya zilizobaki, na la tatu au la nne likizipata zote. Kwa kipimo hiki, mbio za yadi tano katika jaribio la kwanza na yadi 10 zimefaulu, na pasi ya yadi sita katika jaribio la tatu na yadi tisa imeshindwa, ingawa inaonekana nzuri katika wastani.

Jaribio la kwanza ndilo kioo cha usawa wako, kwa kuwa ulinzi bado haujui cha kutarajia; hapo changanya kwa ujasiri. Jaribio la pili lenye yadi mbili au tatu ni zawadi ambayo makocha waoga huitupa kwa kukimbia katikati. Hapo ndipo pasi ndefu inapofaa, maana ikianguka chini bado una jaribio la tatu lenye umbali uleule mfupi. Katika jaribio la tatu na yadi nyingi ulinzi unatarajia pasi, na hakuna hadaa itakayoubadilisha mawazo. Skrini au mbio za kuchelewa zitumike mara chache, na kwa lengo la kuwapunguzia kasi wanaomkimbilia kwotabeki.

Hatua ya saba: soma takwimu zako kwa usahihi

Takwimu za vyuo zina mtego mmoja ambao mtu aliyezoea ligi ya kulipwa huuingia bila kujua. Kwotabeki akiangushwa nyuma ya mstari kabla ya kurusha, takwimu za vyuo huihesabu yadi hiyo kuwa hasara ya mbio, ilhali ligi ya kulipwa huitoa kwenye pasi za timu. Na kwotabeki akikosa wa kumrushia na kuamua kukimbia, hiyo pia huandikwa kuwa mbio, ingawa kocha alikuwa ameita pasi.

Tuchukulie karatasi ya mechi inasema: mbio 40, yadi 150, wastani wa 3.75, pasi 30, yadi 210, wastani wa 7.0. Kocha atahitimisha kwamba mbio zake ni dhaifu mno. Lakini ndani ya zile mbio 40, mara nne kwotabeki aliangushwa na kupoteza yadi 28, na mara tatu alikimbia baada ya pasi kuharibika na kupata yadi 24. Mbio zilizoitwa kweli ni 33, zenye yadi 154, yaani wastani wa 4.67. Pasi zilizoitwa kweli ni 37, na mavuno yake ni yadi 206, yaani wastani wa 5.57. Pengo lililoonekana kubwa limekuwa dogo, na tatizo halisi limehama kutoka kwa wakimbiaji hadi kwenye ulinzi wa kwotabeki. Ondoa pia mashambulizi ya mwisho wa mechi ambayo mshindi alikwisha kujulikana, kwani timu inayoongoza kwa mbali hukimbia ili saa iende, na mbio hizo hazisemi chochote kuhusu mpango wako.

Baada ya kila mechi tatu au nne, jipeleleze mwenyewe kama mpinzani atakavyokupeleleza. Andika kwa kila shambulizi: kikosi kilisimamaje, wakimbiaji na mataitiendi walikuwa wangapi, mkimbiaji alisimama upande gani wa kwotabeki, jaribio na umbali, kisha mbio au pasi. Mimi hutumia kanuni nyepesi: sura yoyote iliyotokea mara 10 au zaidi na kuzaa mbio tu, au pasi tu, kwa zaidi ya asilimia 80 inahitaji mtoto mpya wiki inayofuata. Usiharakishe kuiacha sura hiyo. Inaweza kuwa chambo chako bora, kwa sababu mpinzani naye ameihesabu.

Hatua ya nane: rekebisha mizani wakati mechi inaendelea

Uwanja wenyewe una upande. Katika vyuo, alama za ndani ambazo mpira huwekwa zimeachana futi 40 katika uwanja wenye upana wa futi 160, kwa hiyo mpira ukiwa kwenye alama moja, upande mmoja una futi 60 na mwingine futi 100. Ulinzi ukijaza watu upande mpana, mbio za upande mfupi zinakuwa rahisi. Ukibaki katikati, tupia upande mpana.

Ukifika yadi 20 za mwisho, walinzi wa nyuma hawana tena eneo kubwa la kulinda nyuma yao, hivyo husogea na kuongeza watu kwenye boksi. Hapo kwotabeki anayekimbia ndiye anayerudisha hesabu. Florida ya Urban Meyer iliishi kwa jambo hilo mwaka 2007, Tim Tebow alipokimbia na kupata tachidauni 23 huku akirusha nyingine 32.

Saa nayo imebadilika. Tangu 2023, saa ya mechi za ngazi ya juu haisimami tena timu inapopata jaribio jipya la kwanza, isipokuwa katika dakika mbili za mwisho za kila nusu. Timu inayoongoza sasa inakula muda mwingi zaidi kwa mbio zake kuliko zamani, na iliyo nyuma inapata mashambulizi machache. Ukiwa nyuma kwa alama saba katika robo ya tatu, usizitupe mbio. Ukiwa nyuma kwa 17 katika robo ya nne, mbio zisizoweza kumpita mlinzi wa mwisho ni anasa.

Na mwishoni, tazama nani yumo uwanjani. Katika Rose Bowl ya Januari 2006, USC, timu ya Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, ilikuwa mbele ya Texas 38 kwa 33 na zimebaki dakika mbili na ushei, ikiwa na jaribio la nne na yadi mbili. Mpira ulipewa LenDale White, aliyekuwa amekwisha kufunga tachidauni tatu siku hiyo, naye akazuiwa. Reggie Bush, mshindi wa Heisman wa msimu huo, alikuwa amesimama nje ya uwanja. Kukimbia hakukuwa kosa. Lakini ulinzi wa Texas haukuwa na haja ya kupeleka hata jicho moja upande mwingine kwa ajili ya Bush. Vince Young alirudi na kufunga zikiwa zimebaki sekunde 19, na mechi ikaisha 41 kwa 38. Kwa hiyo kabla ya kila mechi, andika kwenye kadi yako mashambulizi matatu ya jaribio la nne na yadi mbili, mawili ya mbio na moja la pasi, yote yakianza kwa sura ileile, na chini ya kila moja andika majina ya wachezaji 11 watakaokuwamo.